Do ya Tano

Mwalimu Nehemia alisema sauti ya mtu ni mpira, ukiuvuta unavutika. Alisema hivyo mbele ya kwaya nzima, watu thelathini na wawili, huku kijiti chake cha kuongozea kimemwelekea Leonia kifuani, na Leonia akaitikia kwa kichwa kama mtoto wa darasa la pili aliyeambiwa hajui kusoma. Alikuwa na miaka thelathini na saba. Alikuwa na watoto wawili, mume mmoja na kazi inayojulikana mwalo mzima wa Kibirizi, lakini pale kwenye benchi la sauti ya pili alijiona hana kitu.

Wimbo uliokuwa ukimshinda watu waliuita wake. Aliutunga marehemu mwalimu wa zamani, ila solo aliimba Leonia tangu mwaka ule alipoolewa Buzebazeba, na sasa ilikuwa miaka kumi na miwili. Kwenye misiba na kwenye harusi watu hawakuutaja kwa jina lake, walisema, "Tuimbieni ule wa mama Dismasi." Kuna mahali katikati ya ubeti wa pili ambapo sauti hupanda, ikakaa juu kidogo, kisha ikashuka taratibu. Leonia alikuwa akipapita pale kama mtu anavyopita kwenye mlango wa nyumba yake, bila kuinama na bila kufikiri. Tangu mwezi wa pili akawa hapiti. Akifika pale koo linabana, mishipa ya shingo inamtoka, na sauti inapasuka mbele za watu.

"Ni umri, mama," Mwalimu Nehemia alimwambia, kwa upole ule wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mwanamke akishazaa, sauti hushuka. Usione haya. Sauti inapanuliwa."

"Inapanuliwaje, Mwalimu?"

"Mazoezi. Kila alfajiri, kabla hujasema na mtu. Maji ya vuguvugu, tangawizi, asali, na yai bichi. Halafu unapanda ngazi, do, re, mi, mpaka unapokwama. Ukikwama, unasukuma. Kesho unaongeza moja."

"Na koo likiuma?"

"Likiuma, ujue linafunguka."

Basi Leonia akaanza kupanua sauti.

Nyumbani mumewe, Adolf, alimuunga mkono hata majirani wakamsifu. Adolf alikuwa fundi wa mashine za boti, na kwenye kwaya alikuwa sauti ya nne na katibu wa kamati, mtu wa mwandiko mzuri na maneno machache. Yeye ndiye aliyenunua tangawizi. Yeye ndiye aliyeimenya kila alfajiri, akaichemsha, akamletea mkewe kikombe kitandani. "Jitahidi, mama Dismasi," alisema. "Mwalimu anajua anachofanya." Na Leonia alimpenda kwa kile kikombe, Mungu amsamehe.

Alikuwa akifika ziwani kabla mitumbwi haijarudi. Alisimama kwenye mawe akilitazama ziwa, akaanza chini kwenye do yake nzito na kupanda. Alipofika la, koo lilichoma. Alisukuma. Alipofika ti, machozi yalimtoka. Alisukuma. Halafu mitumbwi ikaingia, naye akajifunga khanga kiunoni na kuanza kazi iliyomlisha, kwa koo lile lile.

Kazi yake ilikuwa udalali. Pale Kibirizi samaki hawauzwi kwa kunong'onezana. Mtumbwi ukifika, mabeseni yanashushwa, wanunuzi wanazunguka, na dalali anapiga mnada huku mashine zinanguruma, wapagazi wanatukanana na abiria wa boti za Mwamgongo wanaitana wasiachwe. Wanawake wanaofanya kazi ile wanahesabika kwa vidole. Leonia aliipata kwa sababu ya sauti yake nene, iliyokuwa ikifika mpaka mtumbwi wa mwisho bila yeye kuipandisha. Wanaume walimtania wakamwita dume la mnada, naye akawaambia waongeze bei kwanza, utani baadaye. Kwa hiyo koo lake lilikuwa na waajiri wawili, samaki asubuhi na Mungu jioni, na kwa miaka kumi na miwili halikumwangusha yeyote kati yao.

*

Mazoezi ya kwaya yalikuwa kanisani, Jumatano na Jumamosi. Kufika mwezi wa nne, kila mtu alijua yatakavyokwenda. Wataimba vizuri hadi ubeti wa pili, Leonia atapasuka, na Mwalimu Nehemia atagonga kijiti kwenye meza.

"Simama. Wote kaeni. Mama Dismasi, panda peke yako."

Leonia alipanda peke yake. Wasichana wa sauti ya kwanza walitazama sakafu kwanza, halafu wakatazamana, halafu mmoja akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko.

"Tena."

Akapanda tena.

"Tena, mama. Unaogopa nini? Sukuma."

Mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki alichowekewa peke yake, alikaa Mzee Thobias, mlezi wa kwaya, mwenye boti kumi na moja na duka la vifaa vya uvuvi. Kinanda alikinunua yeye, na hakuna aliyeruhusiwa kusahau. Siku ile aliinama mbele, akaweka mikono juu ya fimbo yake.

"Mimi si mwanamuziki," alisema. "Lakini mwezi wa sita tunarekodi video. Wapiga picha wanatoka Mwanza, gharama ni yangu. Video yenye ufa katikati siwezi kuipeleka kwa watu."

"Nitajitahidi, Mzee," Leonia alisema.

"Kujitahidi ni vizuri. Lakini mtu mzima anajua pia wakati wa kukaa."

Kwenye benchi la sauti ya kwanza, Carmen, binti wa Mzee Thobias, alikuwa akichezea ncha ya kitambaa chake. Alikuwa amemaliza chuo Dodoma mwezi wa kwanza, akarudi na sauti nyembamba, nzuri, iliyokuwa ikiruka juu bila shida. Hakumtazama mtu.

Honorata, aliyekuwa akianika dagaa pale pale Kibirizi na kuimba jirani na Leonia, alimshika mkono walipokuwa wakitoka. "Si wewe peke yako," alisema. "Wimbo huu siku hizi unaniumiza hata mimi kwenye kiitikio. Nimeanza kunywa mayai mabichi. Natapika, nakunywa lingine."

"Tunazeeka, mwenzangu."

"Sote kwa mwezi mmoja?"

Leonia hakulijibu swali lile. Baadaye alijilaumu sana kwa kutolijibu.

*

Sauti ilikatika Jumatatu asubuhi, mbele ya beseni la nne la migebuka ya Yona.

Yona alikuwa na mitumbwi mitatu na moyo mmoja mgumu, na samaki wake wote walipita kwenye sauti ya Leonia. Bei ilikuwa elfu hamsini na tano. Mnunuzi mmoja wa Ujiji aliinua kidole, Leonia akafungua kinywa aseme hamsini na saba, na kikatoka kitu kama mlango wa bati. Akajaribu tena. Hakikutoka kitu.

Watu walicheka kwanza, kwa sababu walidhani anatania. Halafu mtu wa Ujiji akasema yeye hajasikia bei nyingine, kwa hiyo beseni ni lake kwa hamsini na tano, mwingine akasema aliinua mkono kwa sitini, na ugomvi ukaanza. Leonia alisimama katikati yao akipiga makofi, akionyesha vidole, midomo ikimcheza. Hakuna aliyemtazama. Pale mwaloni mtu asiye na sauti hana tofauti na nguzo ya kufungia mtumbwi.

Yona aliuza mabeseni yaliyobaki kupitia dalali mwingine. Kisha akamjia.

"Una nini?"

Leonia aligusa koo.

"Pole. Katibiwe." Akatazama ziwa. "Lakini mnada hauna likizo, mama Dismasi. Nitakungojea kidogo. Sitakungojea sana."

Hospitali daktari alimwingizia kioo kidogo kooni, akatazama kwa muda mrefu, akamwuliza Adolf, aliyekuwa amemsindikiza, kama mkewe ni mtu wa kupiga kelele. Adolf alisema ni mwimbaji. Akaeleza habari za ngazi, na za kusukuma, na jinsi walivyoambiwa kwamba koo likiuma linafunguka.

"Nani aliwaambia hivyo?"

Leonia akafungua kinywa. Daktari akainua mkono.

"Usijibu. Usiseme neno. Nyuzi za sauti zimevimba, na vinundu vimeanza. Sauti kweli inapanuliwa, sikatai, lakini inapanuliwa kwa miezi, kidogo kidogo, na ikiuma mtu anaacha. Aliyekufundisha kusukuma kwenye maumivu amekufundisha kujichana." Akaandika kwenye karatasi. "Siku ishirini na moja za kunyamaza. Na kunong'ona pia hapana, kunong'ona ni kubaya zaidi. Ukivumilia, sauti ya kazi inaweza kurudi. Usipovumilia, utabaki na hiyo ya bati."

Njiani Adolf alinunua daftari dogo na kalamu, akampa. Alitangulia mbele yake hadi nyumbani, ameinamisha kichwa. Leonia alidhani ni huzuni.

*

Kunyamaza si kazi ndogo kwa mtu aliyezoea kusikika. Wiki ya kwanza ilipita kwa ishara. Watoto walifanya mchezo, wakawa wanamwonyesha vidole badala ya kumwomba uji. Majirani walimsalimia "Mwakeye, mama," wakakumbuka, wakaona haya, na baada ya siku chache wakawa wanampita tu. Mtu akinyamaza, watu huanza kusema mbele yake kama vile hana na masikio.

Jumatano ya wiki ya pili, siku ya tisa, alikwenda mazoezini. Angekaa nyumbani afanye nini? Mwalimu Nehemia alimpokea kwa pole nyingi. Alisema nafasi yake kwenye benchi ataikalia mwingine kwa sasa, yeye akae kule nyuma karibu na kinanda, apumzike. Solo ataishika Carmen, kwa muda tu.

Miaka yote kumi na miwili Leonia hakuwahi kukaa karibu na kinanda. Waimbaji husimama mbele wakimtazama mwalimu, kinanda kiko nyuma yao. Mpigaji alikuwa Ndizeye, kijana wa familia iliyotoka Burundi, aliyejifunza kinanda kanisani kwenye kambi ya wakimbizi, bila mwalimu. Alijua kupiga vibao vyeupe vya kinanda tu. Wimbo ukihitaji kupanda au kushuka, alikuwa akibonyeza kitufe, na kinanda chenyewe kikapanda au kushuka, vidole vyake vikibaki pale pale. Kwenye kidirisha kidogo chekundu ilionekana namba.

Wimbo wake ulipoanza, Leonia alitazama kidirisha. Palikuwa na namba tano.

Carmen aliimba. Alipita pale pa kupandia bila jasho. Mzee Thobias alifumba macho kwa furaha. Wanawake wa sauti ya pili walikuwa wamekunja nyuso kama watu wanaobeba tenki la maji.

Walipopumzika, Leonia aliandika kwenye daftari lake: *Hiyo tano ni nini?*

"Ni Do, mama," Ndizeye alisema. "Nikiweka sifuri, Do iko hapa. Tano, imepanda ngazi tano. Wimbo huu kwa tano ni mkali sana, lakini ndiyo nimeambiwa."

*Zamani ilikuwa ngapi?*

"Mbili. Tangu nifike hapa ni mbili. Mwezi wa pili kamati ilikaa, Mwalimu akaja akasema kuanzia leo tano." Alimtazama usoni, na uso wake mwenyewe ukabadilika. "Nilidhani mnajua, mama. Naapa, nilidhani ninyi wenyewe ndio mliotaka."

Leonia aliandika: *Piga kwa mbili. Polepole.*

Ndizeye akashusha sauti ya kinanda hadi ikasikika kwao wawili tu, akabonyeza, akapiga ule ubeti wa pili. Leonia hakuimba, alikuwa amekatazwa. Lakini koo lilijua. Lilikaa palepale linapokaa, likapanda bila kubana, likatua. Hakukuwa na umri pale. Hakukuwa na uzazi. Sauti yake haikuwahi kushuka hata unywele. Walioshika wimbo ndio waliousogeza juu, wakamwacha arukeruke chini kama mbwa anayeonyeshwa mfupa.

Kamati ilikaa, Ndizeye alisema. Na kamati ikikaa, kuna mtu anaandika.

*

Daftari la kamati lilikuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya vyeti vya ubatizo vya watoto. Adolf alikuwa Ujiji kwenye boti iliyoharibika. Leonia aliketi kitandani akatafuta mwezi wa pili.

Mwandiko ulikuwa mzuri, kama kawaida yake.

*Agenda ya tatu: Solo. Wajumbe walijadili kwa kina na kukubaliana kuwa Do ya wimbo husika ipandishwe kutoka mbili hadi tano, ili mwimbaji aliyepo aone mwenyewe kwamba nafasi hiyo haimfai tena na ajitoe kwa hiari, bila kuleta maneno kwenye kwaya. Mlezi ameomba jambo hili libaki siri ya kamati. Hoja iliungwa mkono na wajumbe wote.*

Chini yake sahihi ya katibu, yenye mkia mrefu, sahihi ile ile iliyokuwa kwenye cheti cha ndoa.

Wajumbe wote. Alisoma mara tatu. Alichokiona mbele ya macho yake hakikuwa mkutano, ilikuwa ile tangawizi. Alimwona mumewe alfajiri ameinama jikoni na kisu kidogo, anamenya kwa uangalifu, anachemsha, anakuja na kikombe. *Jitahidi, mama Dismasi.* Alijua wimbo uko tano, na alimletea chai akapande. Kama angempiga, ingekuwa afadhali. Kipigo majirani wangekisikia.

Hasira ilimjaa hadi kwenye meno. Alitaka kupiga ukelele wa kuita mtaa mzima. Alikiuma kitambaa cha kichwani, akakaa hivyo, kwa sababu zilibaki siku kumi na mbili na sauti ile ilikuwa ndiyo chakula cha watoto.

*

Jumamosi Mzee Thobias alikuja na fundi picha mmoja kupima mahali pa kusimama. Carmen alikuwa mbele na kipaza sauti. Mwalimu Nehemia aliinua kijiti.

Leonia alinyanyuka kwenye kiti chake, akaweka kidole kwenye kitufe cha kinanda, akabonyeza mara tatu. Nne. Tatu. Mbili. Kisha akamtazama Ndizeye.

Ndizeye alimtazama Mwalimu. Akamtazama Mzee. Akainamisha kichwa, akapiga.

Kwaya ilianza kuimba kabla haijajua kilichotokea. Kiitikio kilitoka kama maji. Wale wa sauti ya pili, ambao kwa miezi miwili walikuwa wakiimba kwa shingo, wakajikuta wanaimba kwa tumbo. Nyuso zikakunjuka, mmoja akaanza kucheza. Sauti ya nne ikashuka kule chini inakoungurumisha mabenchi, isipokuwa mmoja wao, Adolf, aliyekuwa ameacha kuimba.

"Simama," Mwalimu Nehemia alisema. "Nani kagusa kinanda?"

"Mbona leo hauumi?" Honorata aliuliza.

Leonia alimpa lile daftari, kidole chake kimewekwa pale pa kuanzia.

"Hilo ni daftari la kamati," Mwalimu alisema. "Lina siri za kamati. Honorata, lete hapa."

"Siri ya kamati, koo la nani?" Honorata alisema, na akaanza kusoma. Alisoma polepole, silabi kwa silabi mahali penye maneno ya kiofisi, na ule upole wa kusoma kwake ukafanya mambo kuwa mabaya zaidi. Alipofika "ajitoe kwa hiari," alirudia. Alipofika kwenye sahihi alisita, akamtazama Leonia. Leonia akaitikia kwa kichwa. Akasoma jina.

Kanisa zima likageukia benchi la sauti ya nne.

"Tulitaka kumtunzia heshima," Mwalimu Nehemia alisema. "Kumwambia mtu usoni kwamba aondoke, ni fedheha. Tukaona ni heri aone mwenyewe."

"Nimetapika mayai wiki sita," Honorata alisema. "Hiyo nayo ni heshima?"

"Baba," Carmen alisema, amekiweka kipaza sauti kwenye kiti, "mimi sikukuomba hivi. Ungesema tu nina sauti nzuri ningengoja zamu yangu."

"Nenda kwenye gari."

"Baba."

"Kwenye gari, Carmen." Mzee Thobias alisimama. Hakuonekana kama mtu aliyeaibika. Alionekana kama mtu aliyeibiwa. "Nilitoa kinanda kwa nia njema. Naona hapa wanataka maneno, si muziki. Ndizeye, zima."

Dereva wake alikibeba kinanda begani, waya ukiburuta sakafuni, na fundi picha akafuata.  Kisha mama mmoja wa sauti ya kwanza akasema, si kwa sauti kubwa, lakini kila mtu alisikia, "Haya, video imekufa. Kwa ajili ya solo ya mtu mmoja."

Hakuna aliyemkanya. Leonia alilichukua daftari kutoka mkononi mwa Honorata, akatoka.

*

"Umefurahi?" Adolf alimwuliza nyumbani. Alikuwa amesimama mlangoni, hajavua hata viatu. "Kinanda kimeondoka. Na kazi yangu imeondoka nacho. Mzee ameshanipigia simu, mashine zake anapeleka kwa fundi mwingine. Zote kumi na moja."

Leonia alikuwa akichambua maharage.

"Unadhani nilipenda? Aliniambia mashine zote zitakuwa zangu, ila nisiweke pingamizi. Ningefanyaje? Nikatae, watoto wale nini? Na ilikuwa ni solo tu, Leonia. Solo haikupi hata unga. Una mnada wako, una kazi yako."

Aliinua macho. Kwa hiyo hakujua. Mtu aliyelala naye miaka kumi na miwili, hata baada ya maneno ya daktari, hakuwa amefikiri hata mara moja kwamba koo ni moja, kwamba lile aliloliuza kwa Mzee Thobias ndilo lililokuwa likipiga mnada. Aliuza samaki wa watoto wake akidhani anauza wimbo.

"Sema kitu," Adolf alisema. "Andika basi. Nitukane."

Leonia alilisukuma lile daftari dogo mbali, akainua mikono, akamwonyesha vidole tisa. Siku tisa. Kisha akarudi kwenye maharage.

Zilikuwa siku ndefu kwa Adolf. Alizungumza peke yake mezani. Alijitetea, akaomba radhi, akajitetea tena. Alimtuma Honorata, na Honorata akakataa. Siku ya ishirini alileta kitenge kipya, akakiweka kwenye kona ya kitanda. Kikakaa pale pale kimekunjwa. Majibu yote Leonia alikuwa nayo. Alikuwa akiyapanga kichwani kila saa, mengine marefu, mengine ya matusi, mengine ya Kiha alichoongea mama yake akighadhibika. Alijua neno la kwanza litakalotoka mdomoni mwake litakuwa la Adolf, na alitaka limpate mahali panapouma.

Jumanne ya siku ya ishirini na mbili aliamka giza halijaondoka. Adolf alikuwa ameshaamka. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati la kanisani, ameketi kwenye kigoda kando ya mlango, mikono juu ya magoti.

"Leo ni siku yake," alisema. "Nipo. Sema lolote."

Leonia alimtazama. Majibu alikuwa nayo yote, tayari, yamejaa kinywani. Na hapo ndipo alipoona kwamba ni mengi mno kumpa. Daktari alisema sauti ikirudi itarudi kidogo, ianze taratibu, isipotezwe. Akajifunga khanga kiunoni, akampita pale kwenye kigoda, akashika njia ya Kibirizi.

Yona alikuwa akishusha mabeseni. Dalali mwingine alishasimama, ameinua mkono. Yona alimwona Leonia, akamwashiria yule angoje.

"Beseni moja," Yona alisema. "Likiuzika, tutaongea. Lisipouzika, mama, tusilaumiane."

Leonia alisimama juu ya jiwe. Mashine zilikuwa zikinguruma, watu wa Mwamgongo walikuwa wakiitana. Hakusukuma. Alishuka chini kwenye do yake mwenyewe, chini kabisa, na akaifungua.

"Migebuka ya Yona. Tunaanza na elfu arobaini."

Ilikuwa na mkwaruzo. Ilikuwa nzito kuliko zamani, na kule juu hapakuwa na kitu, alipahisi patupu kama jino lililong'oka. Ule ubeti wa pili asingeuimba tena, si kwa tano wala kwa mbili. Lakini ilikwenda. Aliona vichwa vikigeuka hadi kwenye mtumbwi wa mwisho.

"Arobaini na mbili," mtu wa Ujiji alisema.

"Arobaini na mbili ninazo. Nani ana tano? Arobaini na tano, yule mama wa kapu. Nani anaongeza?"

Nyuma ya wanunuzi mkono uliinuka. Ulikuwa mkono wenye kitambaa cheupe cha shati la kanisani. Adolf alikuwa amemfuata, amesimama kwenye matope na viatu vyake vizuri, na mkono ule haukuwa wa bei. "Mama Dismasi," aliita. "Nisikilize kidogo tu. Mbele ya watu wote nakuomba."

Wanunuzi walinyamaza, kwa sababu watu hupenda mambo ya nyumba ya mwenzao kuliko samaki. Leonia alimtazama juu ya vichwa vyao, kwa macho yale yale anayomtazamia mtu aliyekuja mwaloni mikono mitupu.

"Wewe wa nyuma," alisema, bila kupandisha sauti, na mwalo mzima ukasikia. "Kama hununui, wapishe wanaonunua."

Adolf akapisha.